Mbwa mlinzi aliye pia wa familia: dalili za kuharibika kwa tabia, vyanzo vyake na marekebisho

Wenye mbwa wa ulinzi wamegawanyika kambi mbili. Kuna wanaoamini kwamba mbwa akipendwa atalegea, kwa hiyo wanamfungia bandani mchana kutwa asione mtu. Na kuna wanaomlea kama mtoto wa mwisho, halafu wanashangaa siku anapomrukia mgeni. Kambi zote mbili huishia na malalamiko yaleyale, na ndiyo tunayoyapitia hapa.

Ulinzi hautokani na ukali wala njaa. Unatokana na silika ya kurithi, umri, na uwezo wa mbwa kutambua lipi la kawaida na lipi si la kawaida. Huo uwezo wa tatu haupatikani bandani. Mbwa aliyewaona watu wengi wa kila aina, wazee wenye fimbo, wabeba mizigo, watoto wanaopiga kelele, ndiye anayeshtuka kwa haki anapomwona mtu anaruka ukuta. Yule ambaye hajaona mtu hushtuka kwa kila mtu, na kishindo chake hakikwambii chochote.

Tafuta dalili inayofanana na ya mbwa wako. Vyanzo vimepangwa kuanzia kinachotokea mara nyingi. Badilisha kitu kimoja, ukishikilie wiki mbili, ndipo uende kwenye kingine. Ukibadilisha matano kwa siku moja hutajua lipi lilisaidia.

Dalili: alikuwa mpole, amebadilika ndani ya siku chache

Hii inatangulia zote kwa sababu hapa mafunzo hayana kazi, na kuchelewa kuna gharama.

Chanzo cha kawaida ni maumivu. Masikio yenye maambukizi, jino lililooza, nyonga au mgongo. Mbwa wakubwa wa ulinzi, hasa German Shepherd na Rottweiler, husumbuliwa sana na nyonga. Angalia: anatikisa kichwa? Sikio linanuka? Anainuka kwa shida asubuhi, au anasita kwenye ngazi aliyokuwa akiipanda mbio? Anang'aka akiguswa sehemu moja tu? Mbwa mzee anaweza pia kuwa amepungukiwa kuona au kusikia, kwa hiyo anauma kwa kushtuliwa usingizini. Mara chache tezi ya shingoni huwa haifanyi kazi vizuri, na hilo hujulikana kwa kipimo cha damu. Yote haya ni ya daktari wa mifugo.

SIMAMA: mabadiliko yakiambatana na mate mengi, taya kulegea, kushindwa kumeza, sauti kubadilika, kuyumba au kuuma hovyo hata vitu, chukulia kuwa ni kichaa cha mbwa mpaka daktari aseme vinginevyo. Usitie mkono mdomoni kutafuta mfupa uliokwama. Mtu anaweza kuambukizwa hivyo akidhani anasaidia. Ondoa watu, funga geti au mlango ukiwa mbali naye, piga simu. Aliyeumwa, aliyekwaruzwa au aliyerambwa kwenye kidonda aoshwe hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha afike hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Mbwa anayeonekana mzima akiuma huwekwa chini ya uangalizi wa siku 10, lakini mtu hasubiri siku hizo ziishe ndipo atibiwe. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Chanjo huanza akiwa na umri wa miezi mitatu hivi, na hurudiwa kwa ratiba ya daktari. Mbwa wa kukaa na familia asiyechanjwa ni hatari hata akiwa mpole namna gani.

Dalili: anawavamia wageni uliowakaribisha mwenyewe

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na vyanzo vyake huwa vimerundikana.

*Hakuzoeshwa utotoni.* Kati ya wiki ya 3 na ya 12 hadi 14, ubongo wa mtoto wa mbwa unapokea watu, sauti na mahali kwa urahisi ambao hautarudi tena. Aliyepitia kipindi hicho gizani atakuwa na kazi ya ziada maisha yake yote. Wenye watoto wa mbwa huogopa kuwatoa nje kabla chanjo hazijakamilika, na hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni kumbeba mikononi: aone, asikie, asikanyage chini wanapopita mbwa wasiojulikana.

*Mnyororo au uzio.* Mbwa aliyefungwa huona watu wakipita asiwafikie. Kila siku anajirusha, anakabwa na mnyororo, anajirusha tena. Baada ya miezi, mtu na maumivu ya shingo vimekuwa kitu kimoja kichwani mwake. Mnyororo haumfanyi mbwa awe mlinzi. Unamfanya awe na hasira, na hasira haichagui.

*Woga.* Watu wengi huuona wakauita ujasiri. Mtazame akibweka: anasonga mbele hatua mbili, anarudi nyuma moja, masikio yamelala, mkia uko chini, na mgeni akigeuka kuondoka ndipo anapomdaka kisigino. Mbwa anayejiamini husimama mahali pamoja, kifua mbele, akasubiri. Mwoga ndiye anayeuma zaidi.

*Amejifunza kwamba kubweka kunafukuza.* Mleta vifurushi anakuja, mbwa anabweka, mleta vifurushi anaondoka. Angeondoka tu hata bila kubwekewa, ila mbwa hajui hilo. Kwake ni ushindi wa kila siku.

*Huadhibiwa mbele ya wageni.* Akivutwa kwa nguvu, akipigwa au akitiwa mkanda wa umeme kila mgeni anapotokea, anachojifunza ni kwamba wageni wanaleta maumivu.

Ukaguzi mwepesi kwanza: mkutanishe na mtu huyohuyo mbali na nyumbani, kwenye uwanja usio wake, akiwa kwenye kamba. Akitulia, tatizo ni la eneo na geti, na lina matumaini makubwa. Akiwa vilevile, tatizo ni watu, na kazi itakuwa ndefu.

Marekebisho ya getini huenda hivi. Tafuta rafiki mmoja mtulivu. Mvalishe mbwa mkanda wa kifuani na kamba ya mita 2, shikilia wewe. Rafiki asimame mbali kiasi kwamba mbwa anamwona lakini bado anaweza kula. Inaweza kuwa mita 15, inaweza kuwa 40. Kula ndicho kipimo chako. Mbwa aliyekataa nyama anayoipenda ameshapita uwezo wake, rudi nyuma. Kila anapomtazama mgeni, mpe kipande cha nyama chenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Mgeni akitoweka, nyama nayo inatoweka. Dakika 5, basi. Siku inayofuata punguza mita moja au mbili, si zaidi.

Mgeni asimkazie macho, asimwinamie, asinyooshe mkono juu ya kichwa chake. Amgeuzie ubavu, atazame pembeni. Mbwa akija kunusa, aache anuse. Kosa linaloharibu kazi ya wiki nzima ni hili: mbwa amenusa, amepita, kila mtu anapumua, na mgeni ananyoosha mkono kumpapasa. Mbwa alikuwa amemaliza kuuliza swali. Hakuwa ameomba kushikwa.

Wakati mafunzo yanaendelea, wageni wakija kweli mbwa aende chumba cha nyuma au bandani, akiwa na kitu cha kutafuna, kabla geti halijafunguliwa. Kumfungia namna hii si adhabu. Mfundishe pia kuvaa kifunga mdomo cha kikapu, kile kinachomwachia nafasi ya kuhema na kunywa maji. Cha kitambaa kinachobana taya kinamzuia kuhema, na mbwa hupoza mwili kwa kuhema; usimwache nacho kwa zaidi ya dakika chache.

SIMAMA: akiwa ameshatoboa ngozi ya mtu, au anashambulia bila kutoa onyo lolote, usiendelee peke yako. Tafuta daktari wa mifugo kwanza, kisha mkufunzi wa tabia anayetumia zawadi. Mkufunzi anayekuahidi kumnyoosha mbwa kwa siku tatu, au anayeanza kwa kumlaza chali "ajue nani mkubwa", mshukuru na ufunge geti.

Dalili: anamngurumia mtoto, au mtu mwingine wa nyumbani

Usimwadhibu kwa kunguruma. Ngurumo ni king'ora, na ukikikata moto hauzimiki. Mbwa aliyechapwa kila aliponguruma huacha kunguruma na kuanza kuuma moja kwa moja, kisha watu husema "aliuma bila sababu".

Chanzo cha kwanza ni kusumbuliwa. Mtoto anamkumbatia shingoni, anamfuata chini ya meza, anamwamsha. Mbwa mzima huhitaji usingizi wa saa 12 hadi 14 kwa siku, na aliyelinda usiku analala mchana, saa zilezile watoto wanapocheza. Ukaguzi: andika kwa siku tatu ilikuwa saa ngapi, alikuwa wapi, na mtoto alikuwa anafanya nini. Mara nyingi utaona mahali pamoja na tendo lilelile.

Chanzo cha pili ni chakula, mfupa au godoro. Watu hujaribu kulitibu kwa kumnyang'anya bakuli ili "azoee". Anachozoea ni kwamba mkono unaokuja ni mkono wa wizi. Fanya kinyume: akiwa anakula chakula chake cha kawaida, pita hatua tatu kutoka kwake, tupa kipande cha nyama, endelea na safari yako. Baada ya siku kadhaa utamwona anainua kichwa ukikaribia, shingo imelegea, anasubiri. Ndipo upunguze hatua. Kazi hii ni ya watu wazima pekee. Mtoto asihusishwe kabisa. Mbwa ale sehemu isiyofikika na watoto, yaishe.

Chanzo cha tatu ni silika ya kuswaga. German Shepherd na Belgian Malinois walitokana na mbwa wa kuchunga kondoo. Watoto wakikimbia na kupiga yowe, yeye huwaona kama kundi lililotawanyika na hudonoa visigino. Ukali haupo hapo, ila meno yapo. Mwite kabla michezo ya mbio haijaanza, mpe kazi nyingine, na mbwa akiwa bado chini ya miaka miwili mtenganishe na michezo hiyo.

Chanzo cha mwisho, nacho si cha mara nyingi, ni mbwa aliyeingia nyumbani akiwa mkubwa bila kuwahi kuishi na mtoto. Huyo mpe miezi ya geti la ndani katikati yake na watoto.

Kila mtu nyumbani ajue kusoma ishara zinazotangulia ngurumo: kulamba midomo bila chakula, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza uso huku macho yakibaki kwa mtoto mpaka weupe wa jicho uonekane kama mwezi mwandamo. Iliyo kubwa kuliko zote haina sauti. Mdomo uliokuwa wazi ukihema unafungwa ghafla, mwili unaganda. Kuanzia hapo una sekunde moja au mbili. Usipige kelele, usimrukie. Mwite kwa sauti ya kawaida kama unamwitia chakula, mtoto aondolewe na mtu mwingine.

SIMAMA: mtoto wa chini ya miaka sita na mbwa mkubwa hawaachwi wawili peke yao, hata dakika ya kufungua jiko, hata kama mbwa ni malaika. Akishamuuma mtoto, wanatenganishwa kwa mlango uliofungwa mpaka mtaalamu amwone. Na kuna mbwa ambao jibu sahihi kwao ni nyumba isiyo na watoto. Kulikubali hilo mapema ni heri kwa wote.

Dalili: anabweka usiku kucha, na hakuna anayemsikiliza tena

Mlinzi anayebweka kwa kila kitu ni sawa na king'ora kibovu: mwizi akija kweli, mtageuka upande wa pili mlale.

Anza na uchovu wa kukosa kazi. Mbwa aliyekaa mchana kutwa bila matembezi wala kitu cha kunusa humaliza nguvu zake usiku. Matembezi mawili ya nusu saa, akiachwa anuse anavyotaka, hufanya zaidi ya uwanja mkubwa anaouzunguka peke yake. Kisha angalia anachokiona: akiwa kwenye geti la vyuma lenye uwazi, kila kivuli ni habari. Ziba uwazi kwa bati au ubao mpaka kimo cha macho yake. Upweke unafuata; mbwa ni wa kundi, na akilala karibu na mlango wa nyumba hubweka kidogo kuliko akilala pembe ya mwisho ya kiwanja.

Mfundishe neno la kunyamaza. Akibweka mara tatu au nne, nenda utazame anachokitazama. Usiruke hatua hii, ndiyo inayomwambia kwamba taarifa imefika. Sema "asante" au "kimya", neno moja lilelile siku zote, kwa sauti ya chini, na umsogezee kipande cha nyama puani anuse. Hawezi kunusa na kubweka kwa pamoja. Hesabu mbili za ukimya, apewe. Kesho hesabu tatu. Ukimpigia kelele kutoka dirishani, kwake umejiunga na kwaya.

Dalili: anamtii mtu mmoja, wengine anawapuuza au anawatisha

Sababu karibu siku zote ni kwamba mtu huyo ndiye anayemlisha, anamtembeza na kumfungulia. Gawanyeni kazi. Kwa wiki mbili, anayepuuzwa au kutishwa zaidi ndiye atoe chakula cha jioni, naye mwenye mbwa ajifiche kidogo. Tumieni maneno yaleyale: mmoja akisema "kaa" na mwingine "keti chini", mbwa anasikia lugha mbili. Akimzuia mtu wa familia asimkaribie bwana wake, bwana anyanyuke na kuondoka bila kusema neno. Mapenzi ya namna hiyo si uaminifu, ingawa wengi hujivunia.

Dalili: mbwa wawili wa nyumba moja wanapigana

Hutokea zaidi kwa wa jinsia moja, mdogo anapofika umri wa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu. Chakula, milango myembamba na kurudi kwa mwenye nyumba ndivyo vichochezi. Lisheni mbalimbali, muwafungulie kwa zamu. Wakishikana, usitie mikono kati ya vichwa: mwaga maji, au ingiza ubao au kifuniko kikubwa katikati, kisha kila mmoja chumba chake. Kuhasi kunaweza kupunguza uzururaji na ugomvi wa madume, lakini hakumwondolei mbwa ulinzi, wala hakutibu woga. Kwa mbwa wakubwa, muulize daktari umri unaofaa. Mara nyingi hushauri kungoja mifupa ikomae. Wakishatoana damu mara mbili, ni kazi ya mtaalamu.

Dalili: "ni rafiki wa kila mtu, halindi"

Kwanza umri wake. Mbwa wa miezi minane ni mtoto mwenye mwili mkubwa. Silika ya kulinda hukomaa kati ya miezi 18 na miaka mitatu. Wengi huharakisha kwa kuwaita vijana wamtishe kwa fimbo, na kati ya miezi 6 na 14 mbwa hupitia kipindi cha pili cha woga. Ukimtisha hapo, unatengeneza ile dalili ya kuvamia wageni tuliyoieleza juu.

Pili, uliza unataka kazi gani. Kutoa taarifa, kuzuia kwa kusimama mlangoni, na kushambulia kwa amri ni kazi tatu tofauti. Nyumba nyingi zinahitaji ya kwanza na kidogo ya pili, na mbwa aliyelelewa na familia anazifanya bila kufundishwa. Karl Dobermann, yule mtoza kodi wa Ujerumani wa karne ya 19, alitaka mbwa wa kutembea ubavuni pake akiwa kazini, na uzao unaobeba jina lake hadi leo hunyong'onyea ukitengwa na watu. Ya tatu inahitaji mkufunzi mwenye ujuzi, mazoezi ya kudumu na mtu anayeweza kumwita mbwa arudi akiwa katikati ya mbio. Usijaribu kuifundisha nyumbani.

Tatu, angalia kama kweli halindi. Mkaguzi mzuri ni mtu asiyemjua, aje saa asiyotarajiwa, asimame nje ya geti tu. Ukiwa ndani, sikiliza: je, mbweko wake ni tofauti na ule wa kumkaribisha mtu wa nyumbani? Sauti nzito, yenye vituo, ndiyo taarifa. Fungua mlango. Mlinzi mwenye akili atakuja kusimama kati yako na geti, mara nyingine hata kukuegemea mguu, macho kwa mgeni. Ukisema "asante" na kumkaribisha mtu, atamnusa kisha arudi alipokuwa amelala. Hapo hakuna cha kurekebisha.

Kilichobaki cha kumfundisha huyo ni kukataa chakula kisicho chake, maana mbwa mpole hulishwa sumu kirahisi. Weka kipande cha nyama sakafuni, kifunike kwa kiganja. Atakwangua, atalamba, atasubiri. Akirudi nyuma tu, mpe kingine kutoka mkono wa pili, kile cha sakafuni asikipate kamwe. Akishaelewa, fanyia uani, kisha karibu na ukuta, kisha mtu asiyemjua akitupie kutoka nje huku wewe umeshika kamba. Rudia kila wiki. Mafunzo haya husahaulika upesi kuliko mengine yote, kwa sababu kila akiokota kitu akala, amejilipa mwenyewe.